Nilikuja Kulola Tu

Tamara aliposhuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yangu hapa Litembo, sikumjua. Niliona mwanamke mnene mwenye suruali nyeusi na miwani ya jua, anabishana na dereva kuhusu begi lake, nikajisemea huyu ni wa wale wa mikopo ya vikundi, nikarudi kufunga mlango wa jikoni. Ndivyo nilivyo. Mtu akija kwangu bila taarifa, kwanza namweka kwenye kundi la washukiwa, halafu taratibu namtoa. Wanangu wananicheka, wanasema hata padri akija kutembelea wagonjwa, mama atamwuliza ametumwa na nani. Wacha wacheke. Yule mwanamke alisimama uani akavua miwani, akasema, "Shikamoo, Dada Yusta," na hapo nikabaki nimeshika komeo mkononi, maana hakuna mtu aliyeniita Dada Yusta tangu niache kazi ya uyaya kule Mbinga mjini. Siku hizi mimi ni Bibi Yusta, au Mama Faustini. Aliyekuwa akiniita Dada alikuwa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo nilimwacha akiwa hajui hata kufunga vifungo vya sweta yake.

Alikuwa amekuja kuniambia kwamba mama yake amefariki, ng'ambo ya ziwa, Mzuzu, na wamemzika kabla ya Pasaka. Mwenyewe alikuwa Mbinga kushughulikia nyumba ya marehemu baba yake, akaona vibaya kurudi bila kunitafuta. Nilimpa pole na nililia, tena machozi ya kweli, kwa sababu nilikula chumvi ya mama yule mwaka mzima na hilo halifutiki. Nikamtengea chai na viazi vitamu. Tukazungumza habari za ugonjwa na mazishi, na wakati anamenya kiazi, bila kuniangalia, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, akasema, "Mama alikuwa anakutaja mpaka mwisho. Alikuwa anasema wewe ulikubali mbele ya watu, halafu ukageuka." Nikamwambia kula kwanza, mwanangu, chai inapoa. Lakini mimi mwenyewe chai ilikuwa imenishinda.

Mwaka wenyewe ni ule ambao wanunuzi binafsi wa kahawa waliruhusiwa kuingia kwetu. Kabla ya hapo kahawa ya Umatengo ilikuwa ya ushirika na hakuna aliyeota kwamba inaweza kuwa ya mtu mwingine. Ghafla Mbinga ikajaa watu wenye mizani yao na magari yao, na waliowafuata wakaja na redio za kaseti, sabuni za kunukia, na nguo ambazo tulizoea kuziona kwenye kalenda tu. Baba Tamara alikuwa wakala wa mnunuzi mmoja wa hao. Mke wake alikuwa mtu wa upande wa pili wa ziwa, asili yao kisiwa cha Likoma, waliohamia Mzuzu. Kwa miaka kadhaa alikuwa ameuza nguo kwenye meza pale sokoni Mbinga, na mwaka ule mume wake alipopata nafasi akamfungulia butiki. Lilikuwa neno jipya, butiki. Sisi tuliokuja kutoka Maguu tulilitamka kwa adabu, tukidhani ni ofisi.

Nyumba ilikuwa hivi: mbele duka, nyuma vyumba viwili na jiko la nje. Mimi nilikuwa nalala kwenye godoro chini, pembeni ya kitanda cha Tamara, na kati yangu na duka ulikuwepo ukuta wa mbao laini tu, kwa hiyo hakuna lililosemwa mle dukani ambalo sikulisikia. Nilisikia wateja wote. Wake za walimu walikuja wakiongea kwa sauti ya juu ili wajulikane kwamba wana uwezo. Akina mama wa kwetu, walioshuka kutoka milimani na vikapu vya maharage, walikuja kwa kunyata, na Mama Tamara akiwauliza wanataka nini walijibu jibu moja: "Tumekuja kulola tu, mama." Kulola, kwa Kimatengo, ni kutazama. Walikuwa wakichanganya hivyo na Kiswahili bila kujua kwamba wanachanganya, hata mimi nilikuwa nafanya hivyo. Basi walishika gauni moja moja kwa ncha za vidole, wakajitazama kwenye kile kioo kirefu kinachokuonyesha mpaka miguu, wakacheka wenyewe, wakatoka. Mama Tamara hakuwafukuza hata siku moja. Sitamnyima sifa yake. Alinifundisha kupika pilau, alinifundisha kunyoosha shati la kola ngumu, na akinigombeza alinigombeza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu.

Kahawa ya mwaka ule ilipokuwa imeshauzwa, aliniita dukani akanisimamisha mbele ya kioo, akatoa futikamba ya fundi cherehani akanipima mabega, kiuno, urefu wa mguu. Nilikuwa mrefu na mwembamba, umri wa kuolewa, na sikuwa nimepimwa na mtu tangu kliniki ya utotoni. Nikamwuliza vipimo ni vya nini. Akasema huko kwao wanawake walikuwa wamekatazwa suruali miaka na miaka, mzee wao aliyekuwa akiwakataza ameondoka madarakani, sasa kila mwenye miguu anataka suruali, na Jumamosi ijayo kuna maonyesho ya mavazi mjini Mzuzu na yeye atapeleka nguo zake. "Nataka mtu wa kuzivaa watu wazione," akasema. "Wikiendi moja tu, Yusta. Utaona mji." Nikauliza Tamara atabebwa na nani kwenye meli. Akasema Tamara habebwi, atabaki kwa jirani.

Hapo machale yakanicheza. Mimi kazi yangu ilikuwa mtoto. Sasa yaya gani anasafirishwa nchi ya watu na mtoto anaachwa nyumbani? Nikakaa chonjo. Siku zilizofuata niligundua mengine. Aliniletea viatu vipya, vya kisigino, namba yangu kabisa. Akaniambia nifungashe nguo zangu zote, siyo mbili tatu, zote, kwa sababu kule kuna baridi, wakati Mbinga kwenyewe kwa baridi mtu anatoa moshi mdomoni. Na usiku mmoja wa juma hilo, mtoto amelala, nikatega sikio kwenye ule ukuta wa mbao. Baba Tamara alimwuliza mke wake kama ameshaniambia. Mke akajibu kwamba ataniambia huko huko. Baba Tamara akasema ingekuwa vizuri aniambie hapa hapa, na mke akasema kwa sauti ya kumaliza mazungumzo, "Akifika ataona mwenyewe." Nililala macho wazi. Nikawaza yote niliyowahi kusikia kuhusu wasichana waliovushwa ziwa, na mengine nikayaongeza mwenyewe.

Mtu ataniuliza, sasa kwa nini ulikwenda? Tamara aliniuliza hivyo hivyo, na mimi nilimjibu ukweli: nilitaka kuona. Nilikuwa msichana wa Maguu, mji mkubwa niliokuwa nimeufikia ni Mbinga, na mtu ananiambia nivae suruali nitembee mbele ya watu wananitazama mimi. Nilishuku kwa roho yote na nilitamani kwa roho yote. Nilichofanya ni kujiwekea tahadhari za kitoto: nilimwambia jirani kwamba nisiporudi juma lijalo ampelekee habari katekista wetu, na nikaweka rozari yangu ndani ya soksi badala ya kwenye begi, kama vile wezi wa watu huanza na begi.

Tulishuka Mbamba Bay juu ya lori la mahindi, tukala wali na samaki mbasa wa kukaanga kwa mama ntilie wa pale ufukweni, tukapanda meli. Kilichonishtua ni jinsi Mama Tamara alivyobadilika mara tu tulipokuwa majini. Mbinga alikuwa mtu wa kupima maneno. Mle melini alikutana na watu wa kwao, akavua viatu, akakaa chini juu ya sitaha, akawa anaongea Kinyanja huku anawapiga wenzake makofi ya mgongo. Nikawa nasikiliza kwa bidii ya mtu anayesikiliza kesi yake. Lugha yao na Kimatengo ni ndugu wa mbali, wamefanana pua, tabia kila mmoja na yake. Nilikuwa nadaka neno hapa na neno pale: nyumba, mwana, kudya, yaani kula. Na jina langu. Jina langu lilikuwa linapita mara nyingi mno kwa mtu ambaye anakwenda kuvaa suruali tu.

Nyumbani kwao Mzuzu palikuwa na mama yake mzazi, bibi mfupi asiyesikia vizuri, na kaka yake mmoja, Wistoni, fundi wa redio, aliyefiwa na mke. Sebule ilikuwa imejaa viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, na kila penye nafasi palikuwa na redio iliyofunguliwa matumbo. Walitupokea kwa ugali wao wa muhogo, wanaouita kondowole, unaovutika mpaka unaogopa kuukata, na dagaa wa ziwani. Wistoni aliniangalia mara moja, akainamisha macho kwenye sahani, hakuniangalia tena. Nikaweka hilo akilini. Mwanamume asiyekuangalia ana sababu mbili, nikajisemea, na zote mbili sizipendi. Baada ya chakula bibi alinishika mkono akaugeuza, akaangalia kiganja, akabonyeza sugu za jembe na kumwambia binti yake kitu kwa furaha. Nikauvuta mkono wangu taratibu.

Lakini Jumamosi siwezi kuisema vibaya, hata leo. Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi wa mikutano, na sisi tulivalia kwenye chumba cha nyuma chenye madawati, wasichana wengi, poda hewani, kila mmoja anamvuta mwenzake zipu. Nilivaa suruali ya kijani iliyopanuka chini, na blauzi nyeupe. Nilipotoka mbele na muziki ukapiga, nikasikia watu wanashangilia na nikajua wananishangilia mimi. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, si siku ya ndoa yangu, si siku ya kuzaa. Nasema hivyo nikiwa na akili timamu. Mbele kabisa alikaa mwanamke wa makamo, naye kavaa suruali, ya kiume, imekazwa kwa mkanda, na alikuwa analia huku anapiga makofi. Mama Tamara alinieleza baadaye kwamba yule mama aliwahi kuteremshwa kwenye basi miaka ya nyuma kwa sababu ya sketi iliyoonyesha magoti.

Jioni ile tukaenda kwenye hoteli yenye dansi. Taa zilikuwa nyekundu na buluu, na wanawake walikuwa wanacheza wenyewe kwa wenyewe kwa suruali zao mpya, wanajigonga matako na kucheka. Wistoni alininunulia soda. Nilimshukuru, nikaifunika ile chupa kwa kiganja jioni nzima, nikinywa kwa kuinua vidole kidogo na kuvirudisha, kwa sababu nilikuwa nimesikia habari za dawa zinazotiwa kwenye vinywaji. Yeye aliona. Alikaa upande wa pili wa meza akisikiliza spika zilivyokuwa zinakwaruza, na mara moja aliinuka akaenda kumwonyesha mpiga muziki waya gani umelegea. Alinikaribisha tucheze, nikasema miguu inauma. Akaitika kwa kichwa, basi. Nilirudi nyumbani nikiwa mzima, na hilo nalo nikalishuku.

Jumapili tulikwenda kanisani kwao, Anglikana, na baada ya hapo ukaandaliwa wali na kuku. Niliwaona wanawake wanaingia mmoja mmoja, majirani na ndugu, wamevaa vitambaa vya kichwa vya heshima, wanakaa kwenye mikeka. Nikadhani wamekuja kwa sababu ya maonyesho, kusikia habari. Nilikuwa bado na suruali yangu ya kijani, maana Mama Tamara alisema niivae tena. Tulipomaliza kula na kunawa, alisimama katikati ya sebule, wanawake wakanyamaza, akanigeukia akaniita kwa jina. Na hapo, akiwa ameongea nami Kiswahili tangu siku ya kwanza hadi asubuhi ile, akaniuliza kwa lugha yao:

"Yusta, walola?"

Naomba nieleweke nilivyolisikia. Nilikuwa siku kadhaa katikati ya maneno ya watu, nimechoka kukaza masikio, na ghafla linakuja neno la kwetu, neno la mama zetu wenye vikapu, wazi kama maji. Kulola! Ananiuliza nimetazama? Nimeuona mji? Roho yangu ikalegea kwa mara ya kwanza tangu Mbamba Bay. Nikaona huyu mama ananitania, ananikumbusha nyumbani mbele ya wageni. Kwetu ningelitamka tofauti kidogo, lakini nikataka kumfurahisha, nikalirudisha kwa namna yake. "Ndalola," nikasema, na nikacheka. Nililola, kwa nini nisiseme? Mji, ukumbi, taa, yule mama aliyelia. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi akanyanyuka, akatoka, akarudi na kuku jike aliye hai amefungwa miguu, akamweka mapajani kwangu juu ya suruali ya kijani. Nikadhani ni zawadi ya mshindi. Nikamshika vizuri asiichafue.

Nilipopata nafasi nikaenda chumbani kufungasha, maana meli ilikuwa kesho yake na basi la kutupeleka bandarini Nkhata Bay lilikuwa linaondoka jioni ile. Mama Tamara alikuwa ameshafunga sanduku lake, lile la rangi ya damu ya mzee lenye nguo zote za duka. Begi langu halikuwepo. Nikalitafuta chini ya kitanda, nikalitafuta sebuleni nyuma ya redio, mwisho nikalikuta kwenye kijumba cha upande wa pili wa ua, kwa Wistoni, limewekwa juu ya kitanda kilichotandikwa shuka jipya, na dirishani pazia lina mikunjo ya dukani bado. Sikulia. Nikarudi na kuku wangu kwapani nikamwuliza Mama Tamara begi langu linafanya nini kule.

"Unabaki," akasema, na sasa alikuwa amerudi kwenye Kiswahili. "Kaka yangu ni mtu mzuri, hanywi, hapigi. Nyumba unayo, kazi ya duka nitakupa huku huku. Wazazi wako nitakwenda kuwaona mwenyewe, kila kitu kitafuata utaratibu."

Nikamwambia mimi sikukubali kitu.

"Si umekubali mwenyewe mbele ya watu wote wale? Mimi nimekulazimisha?"

Basi hapo nikajua nina kesi ambayo mashahidi wote ni wa upande mmoja. Kupiga kelele, nitapigia nani? Kukimbia, nikimbilie wapi kwa viatu vya kisigino? Nilichofanya sikukipanga. Nilimrudisha kuku kwenye mkeka wa bibi, nikamfungua miguu, nikaenda kwenye lile sanduku lililokuwa limeshatolewa uani, nikalikalia. Nikakaa kwa uzito wangu wote, nikashika vishikio pande zote mbili. Nilijua meli ni moja kwa juma na haimsubiri mtu. Nilijua pia kwamba Mama Tamara anaweza kuniacha mimi lakini nguo za dukani hawezi kuziacha. Nikamwambia kwamba sanduku likitoka, linatoka na mimi. Akaanza kwa upole, akaja kwa ukali, akaniita mshamba asiye na shukrani. Wale wanawake wa vigelegele wakatoka wakasimama mlangoni. Mmoja alinivuta mkono. Mimi ni mtoto wa kulima milimani, kuning'oa mahali nilipokaa si kazi ndogo.

Aliyemaliza mambo ni Wistoni. Alitoka kwenye kijumba chake akiwa na begi langu mkononi, akaja akaliweka karibu na miguu yangu, akamgeukia dada yake. "Uyu sanalole," akasema, pole pole. Nikadaka neno lile tena, na hasira ikanipanda upya, maana nilielewa anasema huyu hajaona, na nikajiuliza ni kitu gani tena wanataka nikione, mbona nimeona ya kutosha. Nikamtazama kwa jicho baya yule mtu. Yeye akaenda kutafuta mkokoteni wa kubeba sanduku mpaka stendi, na mimi nilitembea nyuma ya mkokoteni nikiwa nimeshika sanduku kwa mkono mmoja, mpaka basini.

Tulivuka ziwa tumeketi benchi moja bila kusemezana. Mbinga nilikaa mpaka Noeli kwa ajili ya Tamara, kisha nikaaga. Mama Tamara hakuligusa tena jambo lile hata mara moja, wala mimi. Alinipa ile suruali ya kijani siku ya kuondoka, imenyooshwa, imekunjwa vizuri. Nikaipokea. Nilikwenda nayo Maguu nikaishonesha blauzi ya mtoto miaka ya baadaye. Na kwa maisha yangu yote, mume wangu ni shahidi, nimeamini jambo moja: kwamba mama yule alitaka kunitupa kwa kaka yake, na aliposema nimekubali alisema uongo mtupu.

Sasa Tamara amekaa jikoni kwangu, kiazi mkononi, ananiambia mama yake mpaka anakufa aliamini nilikubali. Nikamsimulia yote, na nilipofika sebuleni, kwenye lile swali, nikamtajia neno lenyewe. Akaacha kutafuna. Akaniomba nirudie. Nikarudia: aliniuliza walola, nikamjibu ndalola, nimetazama. Tamara akafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakawa yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka alipoinua uso. "Dada Yusta," akasema, "kwetu kulola ni kukubali. Alikuuliza kama umekubali. Ulimjibu umekubali." Na Mjomba Wistoni je, nikauliza, aliposema sanalole siku ile uani? "Alisema huyu hajakubali."

Nilimwonea haya yule mtu, aliyeibeba aibu yake mwenyewe mpaka stendi huku mimi namkata jicho. Tamara akaniambia yupo, alioa baadaye, ana mvi, bado anafungua redio. Nikafurahi kusikia hivyo. Halafu likaja jambo ambalo sikulitegemea: mzigo ulianza kunitoka. Mama yake aliuliza kwa lugha yake, mimi nikasikia kwa lugha yangu, hakuna aliyedanganya. Watu wawili na neno moja. Tamara alikuwa anapangusa macho anacheka, anasema mambo gani haya, miaka yote hii, na mimi nikaanza kucheka naye. Nilikuwa nimeshaanza kumwombea marehemu kwa moyo ambao sikuwahi kuwa nao juu yake. Nasema kweli, nilikuwa nimeshamsamehe.

Tukahamia sebuleni na chai nyingine. Tamara akavuta begi lake akasema ameniletea zawadi, lakini nichague mwenyewe, maana yeye naye anauza nguo kama mama yake. Akafungua zipu akaanza kuzitandaza juu ya kochi langu, vitenge, blauzi, suruali za kina mama wa umri wangu zenye mpira kiunoni. Alikuwa mchangamfu sasa, amepona. Akanipa suruali moja ya kijani akanikonyeza.

"Lola kwanza, Dada," akasema. "Kulola si kununua."

Nikauliza neno hilo la Kimatengo amelitoa wapi, yeye aliyeondoka huku mdogo.

"Kwa Mama. Alikuwa anatuchekesha nalo nyumbani. Alisema ndilo neno lake la kwanza la Kimatengo kulijua, tangu anauza kwenye meza pale sokoni, mimi sijazaliwa. Wanakuja, wanalola, wanaondoka."

Alisema hivyo akiwa anakunjua kitenge kingine, uso wake hauna kitu. Hakuwa amesikia alichokisema. Nikamwangalia, nikaangalia mikono yake, ambayo ni mikono ya mama yake kabisa, na kile kicheko cha dakika chache zilizopita kikarudi chini tumboni kikakaa pale. Mama yake alijua kwetu maana yake ni kutazama, na angeweza kuniuliza kwa Kiswahili. Kila siku aliniita kwa Kiswahili, alinituma kwa Kiswahili. Sikumwambia Tamara. Amefiwa, na hana kosa, na njia ya kurudi kwao ni ndefu.

Akaniuliza kama suruali nimeikubali. Nilikuwa nimeishika kwenye mwanga wa dirisha, naigeuza nyuma na mbele, na nikamjibu kwa Kiswahili, polepole, kila neno mahali pake.

"Naangalia tu, mwanangu."